Mtungi Uliofungwa Kufuli

Wifi yangu Mboni alikaa miaka minne bila kumpa shikamoo Mzee Bonaventura, na mji mzima wa Singida ulijua. Kwetu ukichelewa msibani watu watakusamehe, lakini ukimpita mzee mwenye mvi bila kumsalimu, utasemwa kuanzia sokoni hadi Mwankoko. Mboni alisemwa sana. Akikutana na Bonaventura alimwambia "Habari za asubuhi," kama anavyomwambia muuza vocha, akaendelea na safari yake. Mimi nilikuwa nyuma yake nafurahi. Sitaki kujifanya mwema. Naitwa Rahma, ni mke wa Abdulmajidi, mdogo wake Mboni, na mimi ndiye ninayemfunga mume wangu vifungo vya shati kila asubuhi. Vidole vyake haviwezi tena kazi hiyo.

Niseme kwanza Mboni ni mtu wa namna gani. Baba mkwe alitoka Pangani ujanani, akaoa Mnyaturu wa Mgori, akafungua duka la vifaa karibu na soko: misumari, bawaba, rangi, mabomba, makufuli. Wanaume wengine wa ukoo walitaka maduka ya nguo. Mboni akalipenda hilo la chuma. Aliolewa mara moja, akaachwa mara moja, akasema mara moja inatosha. Hakuuza kitu ambacho hajakishika. Bomba atalipiga kwa ukucha asikilize, bawaba ataikunjua na kuikunja, ndipo akupe. Wateja wenye haraka walimchukia, lakini walirudi.

Bonaventura naye ni mtu wa Itigi. Alifanya kazi reli mpaka akastaafu, akahamia mjini, akanunua boti ya kutembeza watu Ziwa Singidani siku za sikukuu. Boti yenyewe ilikuwa ya fibaglasi, nyeupe, ina viti vya watu sita na injini nyuma. Alimwajiri mume wangu, Majidi, kuiendesha. Jambo moja kila mtu alilijua kuhusu mzee huyu: alifunga kufuli kila kitu. Bomba lake la uani lilikuwa na kufuli. Friji ilikuwa na kufuli. Kabati la sukari pia. Kiunoni alining'iniza kishada cha funguo, na ulimsikia kabla hujamwona.

Siku aliyokuja dukani kutafuta mtungi wa kuzimia moto nilikuwepo, nasaidia kupanga rangi. Wenye boti walikuwa wamekubaliana kila chombo kiwe na mtungi. Bonaventura akaokota ule mdogo kabisa, wa kuweka kwenye gari.

"Huo unazima sigara, mzee," Mboni alimwambia. "Boti yako ina tangi la petroli. Chukua wa kilo mbili, wa unga. Wa maji usiuguse kabisa. Petroli ukiimwagia maji inaelea juu yake, na moto unaelea nayo."

Akamshushia mmoja kutoka rafu ya juu. Akaupima mkononi, akamwonyesha geji, mshale umekaa kwenye kijani. Akamwonyesha pini na kile kifungo cha plastiki kinachoishika, kwamba kikikatika maana yake mtu amekwisha kuuchezea. Akamwambia kila mwezi augeuze kichwa chini miguu juu, autikise, maana boti inatingishika na unga utashindiliwa chini mpaka ugande. Akamwambia aufute kwa kitambaa chenye mafuta, kwa sababu maji ya Singidani yana chumvi na yanakula chuma. Mwisho akamwambia mahali pa kuuweka.

"Utundike wazi, karibu na dereva, mbali na injini. Mkono uufikie bila kufikiri."

Bonaventura alisikiliza yote kwa adabu. Kisha akauliza, "Na wakiuiba?"

"Nani ataiba mtungi katikati ya ziwa?"

"Binti, wewe huwajui watu. Nipe na kufuli."

Hapa ndipo Mboni alipokosea, na hajawahi kumficha mtu. Alicheka. Alikuwa na makufuli mapya ya shaba, mazuri, yametoka juzi tu kwenye boksi, akampa moja. Bonaventura akazihesabu funguo zake tatu mbele yetu, akazitia zote kwenye kishada. Tukamwona anaondoka na mtungi kwapani, na kufuli likiwa mfukoni.

Kwa fundi wa kuchomelea akatengenezewa sanduku la chuma, likapakwa rangi nyekundu, likafungwa chini ya kiti cha nyuma, pembeni ya tangi la petroli. Mtungi ukaingia ndani, kufuli likapigwa. Majidi alimwomba ufunguo. Akajibiwa kwamba ukihitajika aite, yeye yuko ufukweni.

Ukahitajika siku ya Idi pili. Majidi alikuwa amebeba familia moja ya watu watano, wageni kutoka Dodoma. Walikuwa wanarudi, wako kama mita hamsini kutoka ufukweni, mpira wa petroli ukavuja na cheche ikatoka kwenye nyaya za injini. Majidi alifanya ilivyopasa. Alizima injini, akawashusha wote watano upande wa mbele, mmoja mmoja. Walikuwa na maboya, na maji pale yalikuwa ya kifuani. Akawaambia watembee kuelekea nchi kavu, wasigeuke nyuma.

Hawakugeuka. Na yeye akarudi kwenye moto. Nimemuuliza mara nyingi kwa nini alirudi, anajibu jibu lile lile: "Ilikuwa boti ya watu." Alirudi kuiokoa mali ya Bonaventura. Alilishika lile kufuli, akalivuta, akalipiga kwa kasia, kasia likavunjika, akalishika tena kwa mikono na lilikuwa limeshapata moto. Alipiga kelele "Ufunguo!" mara tatu. Ufukweni mziki ulikuwa juu na Bonaventura alikuwa anakula mshikaki. Boti iliungua mpaka usawa wa maji, ikazama pale pale, na mume wangu akatolewa ziwani ameinua mikono juu kama anayeomba dua.

Wiki iliyofuata wenye boti waliitisha kikao. Majidi yuko wodini, mikono imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Bonaventura akasimama na kusema kwamba sanduku lilikuwa wazi kama siku zote, ila dereva alikuwa anavuta sigara karibu na petroli, moto ukamshika mikono, akaruka wa kwanza akaacha abiria. Mboni alikuwepo. Alisema, "Kufuli nilikuuzia mimi." Bonaventura akamjibu taratibu kwamba kufuli lile lilikuwa la zizi la mbuzi. Wale wa Dodoma walipigiwa simu. Wakasema waliona moshi, wakaingia majini, basi; hawakutaka kuingia kwenye ugomvi wa watu. Sanduku lilikuwa chini ya matope. Kikao kikaamua dereva alizembea.

Mume wangu hajawahi kuvuta sigara maisha yake. Wakampa jina, Majidi Karuka. Watoto walimwita hivyo mtaani, na watu wazima nao. Aliomba kazi ya ulinzi, wakamuuliza kama akiona mwizi ataruka ukuta. Akaacha kwenda mjini, akaacha hata kwenda msikiti mkubwa, akawa anaswali nyumbani. Mimi nilitaka Bonaventura aungue. Nasema kama ilivyokuwa moyoni. Nilitaka aungue mikono yote miwili, halafu mtu amfungie maji ya kunywa kwenye kabati.

 Mboni alifunga duka, akaenda Dodoma, akakaa miezi mitano akijifunza kujaza na kukagua mitungi ya kuzimia moto. Aliporudi alishusha rafu za rangi na misumari, akapanga mitungi. Makufuli aliyobakiza aliyatia kwenye gunia akamuuzia mnunua vyuma chakavu. Alianza na shule na vituo vya mafuta, na baadaye nyumba za wageni. Mitungi ilikuja imeganda, imetoboka kwa kutu, mingine ndani kuna buibui. Aliifungua yote, akaijaza, akaitundikia kadi yenye sahihi yake.

Na kila kiangazi, ziwa likirudi nyuma, alikwenda kutembea ufukweni. Alivaa buti za mpira, akachukua nondo ndefu, akawa anachoma matope, hatua kwa hatua. Watu walidhani anatafuta chumvi. Mwaka wa kwanza hakupata kitu. Mwaka wa pili, mwezi wa kumi, nondo iligonga chuma.

Alilileta sanduku nyumbani kwenye toroli, limefunikwa kanga. Rangi nyekundu ilikuwa imeungua na chumvi imetafuna kona zake, lakini kufuli la shaba lilikuwa mahali pake, limefungwa, jeusi kwa moshi. Majidi aliliangalia, akatoka nje. Mimi nililia, halafu nikasema, "Twende kwa Chediel sasa hivi." Chediel ndiye mwenyekiti wa wenye boti.

"Tukamwambie nini?" Mboni aliuliza.

"Kwamba limefungwa! Si linaonekana?"

"Atasema nimelifunga mimi. Nani alikuwa anauza makufuli haya, Rahma? Ni mimi." Alikaa chini akalifuta tope kwa pindo la kanga. "Kufuli hili lina funguo tatu tu, na zote tatu ziko kiunoni kwake. Yule mtu hajawahi kutupa ufunguo. Mpaka leo anatembea na funguo za stoo ya reli kule Itigi."

"Sasa tufanye nini?"

"Tumsubiri."

Akaliweka chini ya meza yake ya kazi. Kila Ijumaa, akishafunga duka, alilitoa, akadondoshea mafuta ya cherehani kwenye tundu la ufunguo, akalipigapiga kidogo kwa mpini wa bisibisi, akalifuta, akalirudisha. Nilimwona akifanya hivyo karibu miaka miwili. Wanawake wengine wakishafunga kazi Ijumaa wanapaka hina. Wifi yangu alikuwa analainisha kufuli la adui yake.

Bonaventura baada ya moto alikuwa amerudi Itigi kwenye biashara ya asali. Alikuja mjini mara moja moja, na ndizo siku hizo alizopewa "Habari za asubuhi." Katika muda huo Mboni aliwashawishi wenye boti wakubali utaratibu mpya. Kabla ya kila sikukuu, boti zote zinakusanyika ufukweni, anawasha petroli kwenye karai, na kila mwenye boti anazima moto mbele ya watu kwa mtungi wa chombo chake. Asiyezima hapewi kadi, asiye na kadi habebi mtu. Watu waliupenda, wakawa wanakuja kuangalia kama wanavyoangalia mpira. Mimi peke yangu nilijua anamjengea nani lile jukwaa.

Mwaka huu, wiki mbili kabla ya Idi, tulisikia funguo mlangoni.

Bonaventura alikuwa amenunua boti nyingine, ya watu kumi na wawili, yenye paa. Alikuwa amezeeka, lakini kishada kilikuwa kile kile. Akasimama mbele ya meza akingojea shikamoo.

"Habari za asubuhi," alisema Mboni.

"Nzuri." Alishika kishada chake. "Chediel ameniambia kadi nazichukua kwako. Yaliyopita, binti yangu, yamepita. Mungu ndiye anayejua."

"Boti ina injini ngapi?"

Akamhudumia. Nilidhani atampa mtungi mtupu, na Mungu anisamehe, nilitamani ampe. Lakini Mboni alimchagulia mitungi miwili mizuri kuliko yote, wa unga wa kilo sita na mdogo wa kilo mbili, akaipima kwenye mzani mbele yake, akampa maelezo yale yale, neno kwa neno: utundike wazi, karibu na dereva, mkono uufikie bila kufikiri.

Bonaventura akaitikia kwa kichwa. "Fundi yuko tayari kunitengenezea sanduku," alisema. "Siku hizi wezi wameongezeka."

Nilimwangalia wifi yangu. Alikuwa anaandika risiti. "Sanduku utalitengeneza baadaye," alisema. "Siku ya majaribio njoo mikono mitupu. Mitungi nitakuja nayo mwenyewe."

Alipoondoka Mboni aliiweka kalamu chini. "Hata hajajifunza," alisema. "Rahma, yule mzee angechoma watu wengine kumi na wawili."

Siku yenyewe ufukwe ulijaa. Boti saba zilikuwa zimepangwa, na watu wameleta watoto. Nilimfunga Majidi vifungo vya shati jeupe, nikamwambia twende. Akakataa. Nikamwambia asipokwenda leo nitakwenda mimi kumng'oa yule mzee ndevu mbele ya watu, achague. Akaja, akasimama nyuma kabisa, mikono kwenye mifuko ya kanzu niliyomvalisha juu ya shati. Mtu mmoja alisema, "Karuka yupo," na wengine wakacheka.

Sita wa kwanza walizima. Ilikuwa kazi ndogo: vuta pini, elekeza chini kwenye shina la moto, bana, fagia. Watu walihesabu kwa sauti, sekunde nne, sekunde tano, wakapiga makofi. Mboni akajaza karai kwa mara ya saba.

"Mzee Bonaventura."

Akaja mbele anatabasamu, amekunja mikono ya shati. Mboni akawasha. Moto ukanyanyuka, mweusi juu, mwekundu chini, watu wakarudi hatua. Kisha akaondoa kanga juu ya toroli.

"Mtungi wako huu hapa," alisema. "Zima."

Sanduku lilikuwa limekaa pale na kona zake zilizotafunwa na chumvi. Kufuli la shaba lilikuwa linang'aa, maana alikuwa amelisugua.

Bonaventura alilitazama. Karai lilikuwa linanguruma na joto linampiga usoni. Wenye boti wakaanza kuhesabu kwa mazoea, moja, mbili, tatu, na mkono wake wa kulia ukashuka kiunoni. Sidhani kama aliutuma. Vidole vilipita kwenye kile kishada bila yeye kutazama, vikaruka ufunguo huu na huu, vikashika mmoja mdogo wa shaba, vikaunyoosha mbele.

Hapo ndipo aliposhtuka. Akaurudisha haraka. Lakini watu walikuwa wameacha kuhesabu.

"Mzee," alisema Chediel, "huo ni ufunguo wa nini?"

"Wa nyumbani."

"Si wa zizi la mbuzi?" aliuliza Mboni.

"Kufuli si lako mwenyewe?" Bonaventura alipandisha sauti. "Si wewe uliyeniuzia? Leo unanigeuzia mimi?"

"Niliuza mimi," alisema Mboni, na alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu. "Nilicheka nikakuuzia, na sijalala vizuri tangu siku hiyo. Hiyo ni dhambi yangu na nimeisema hadharani. Sasa tuone ya kwako."

Majidi alikuwa amekuja mbele, sikumwona akipita. Alitoa mikono mifukoni. Wengi pale hawakuwahi kuiona, maana aliificha miaka yote minne. Aliinyoosha kwa Bonaventura, ile mikono yenye ngozi ya kuvutika na vidole vilivyokunjamana.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Naomba ufunguo. Siku ile nilikuita mara tatu."

 Chediel ndiye aliyekifungua kishada kiunoni kwa Bonaventura, na mzee hakumzuia. Akautafuta ule mdogo wa shaba, akapiga goti mbele ya toroli, akauingiza. Uliingia kama kwenye siagi. Kufuli likafunguka.

Mtungi ulikuwa umevimba kutu upande mmoja. Pini ilikuwa mahali pake, na kile kifungo cha plastiki, kimeyeyuka nusu kwa joto, kilikuwa bado hakijakatika. Majidi aliutoa kwa viganja viwili, akauinua watu wauone. Mboni akachukua mtungi mwingine, akavuta pini, akauzima moto wa karai.

"Sekunde nne," alisema. "Nilikuchagulia mtungi mzuri, Mzee Bonaventura. Hata ule wa kwanza ulikuwa mzuri."

Hakuna aliyepiga makofi. Yule aliyesema Karuka yupo alikuja akamshika Majidi bega, akasema, "Kaka Abdulmajidi, nisamehe," na nyuma yake wakapanga foleni wengine. Sikuwahesabu, lakini niliwakariri sura kila mmoja. Chediel alitangaza kwamba boti yenye mtungi ndani ya sanduku haitabeba mtu Singidani, na kwamba maneno ya kile kikao cha zamani yamefutwa. Wenye boti na madereva wakaanza kuondoka. Walipita mbele ya Bonaventura mmoja mmoja, vijana wa umri wa wajukuu zake, wenye adabu zao, wanaosalimu hata mzee asiyewaona. Hakuna aliyefungua mdomo.

Akabaki peke yake pembeni ya boti yake ya watu kumi na wawili. Mboni alikuwa anafunga toroli. Akaliacha, akamwendea, akainamisha kichwa kidogo kama tulivyofundishwa.

"Shikamoo, mzee," alimwambia.

Midomo ya Bonaventura ilitikisika, lakini marahaba haikutoka.

Njiani nilimkasirikia. Nilimuuliza kwa nini ampe leo, baada ya miaka minne, leo hii ambapo hata wengine wamemnyima.

"Kwa sababu hiyo hiyo," alisema Mboni, akiendelea kusukuma toroli. "Nilitaka aijue ladha yake. Hatapewa tena na mtu."